Mtembea Bure

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nimeishi miaka sitini na kitu nikiuamini msemo huo bila kujiuliza huyo mtembea bure huokota nini huko njiani, na hicho alichookota ni mali ya nani. Haya ninayoyaandika yalinipata Bagamoyo, lakini mzizi wake uko kwetu Kagoma. Ndugu msomaji atanivumilia nikimpeleka pwani kwanza, ndipo nimrudishe ziwani.

Mwaka 2022 nilikwenda Dar es Salaam kwa arusi ya binti ya dada yangu. Arusi ikaisha Jumamosi. Tiketi yangu ya basi la kurudi Kagera ilikuwa ya Jumatano, na hapo katikati nikajikuta sina kazi ndani ya nyumba ambayo kila mtu ana kazi. Nikasema nitakwenda Bagamoyo kutazama mji wa kale. Kaka wa bibi arusi akanicheka. "Mjomba, unakwenda kumwona nani?" Nikamjibu kuwa siendi kumwona mtu, nakwenda kutazama tu. Akacheka tena, na sikumlaumu. Kwetu mtu mzima husafiri kuzika, kuposa, kuuza kahawa au kudai deni. Kusafiri ili kutazama kuta tumewaachia Wazungu na watoto wa shule.

Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Nilishuka kwenye daladala saa nne asubuhi nikafuata barabara ya zamani iendayo sambamba na bahari. Nyumba za mawe ya matumbawe zimesimama pande zote mbili, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zimebaki kuta bila paa na miti imeota ndani yake kama vile ndiyo wapangaji. Milango ya nakshi ipo bado. Nilisimama mbele ya mlango mmoja muda mrefu, nikaupapasa, hadi mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki akaniuliza kama nataka kununua nyumba.

Bahari ilikuwa imekupwa. Sisi watu wa ziwa jambo hilo hutushangaza kila mara. Nyanza yetu hufura na kuchafuka, hata kuzamisha huzamisha, lakini haiondoki mahali pake ikaacha ngalawa zimelala ubavu juu ya matope. Nilivua viatu nikatembea pale ambapo saa chache kabla palikuwa na maji, nikahisi raha ambayo sijaihisi tangu nistaafu. Nasema hivyo makusudi, ili msomaji ajue kwamba nilikuwa nimefurahi. Maswali yalikuja baadaye.

Karibu na ufuko alinijia kijana nadhifu, mwenye maneno laini. "Shikamoo mzee. Naona umekuja kutembea. Nikuzungushe?" Tukapatana. Kijana yule alikuwa na kipaji. Alinipeleka katika nyumba moja kongwe, ambayo sitaitaja, akanionyesha pete ya chuma iliyopigiliwa ukutani. Akaniambia hapo ndipo walipofungwa watumwa kwa minyororo, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule, wakingoja jahazi la kwenda Unguja. Akanieleza maana ya jina la mji: bwaga moyo. Yaani mtumwa alipofika hapa na kuiona bahari, alijua kwamba kwao hatarudi tena, basi akaubwaga moyo wake nchi kavu ili mwili uvuke peke yake. Akanyamaza. Alijua hasa ni wapi pa kunyamaza. Machozi yakanitoka, mimi mwalimu mstaafu niliyeviza machozi hata katika misiba ya nyumbani. Nilipoagana naye nikamtilia mkononi shilingi elfu kumi, na nauli tu ndiyo iliyonizuia kuongeza.

Kesho yake nikarudi. Mpwa wangu alidhani nimepata mchumba huko.

Safari hii nilitembezwa na mtu mwingine, wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye kofia ya kufumwa. Nikamwomba anipeleke tena kwenye ile pete. Aliitazama kama anayetazama msumari. "Mzee, nyumba hii ilikuwa ya kuwekea mizigo. Pete hiyo huenda ni ya kufungia punda, huenda ni ya mlango. Mimi sijui, na sijaonana na anayejua." Nikamuuliza juu ya jina la mji. Akasema wapo wanaolieleza kwa watumwa, na wapo wanaolieleza kwa wapagazi. Katika karne ya 19 biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Bandari kuu ya kupitishia watumwa ilikuwa Kilwa Kivinje, huko kusini. Watumwa walipita Bagamoyo pia, hilo hakulikana, lakini makundi makubwa yaliyoingia mjini humu kila mwaka yalikuwa ya wapagazi wa kulipwa, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka Tabora na Ujiji na mzigo begani. Mtu wa namna hiyo akiiona bahari hubwaga mzigo, na moyo wake hupumzika. Atalipwa, atakula samaki, ataoga. Kwake yeye Bagamoyo ni jina la furaha.

Alinipeleka pia kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, akanieleza kwamba watoto wa kwanza kukaa pale walikuwa watumwa waliokombolewa kwa fedha katika soko la Unguja. Akanionyesha mnara wa kanisa la kale ambako maiti ya David Livingstone ililazwa Februari 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuibeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wa Livingstone wenyewe walikuwa wameuzika kule kule chini ya mti. Nikamtania kwamba basi huyo ndiye aliyebwaga moyo kweli kweli, ila aliubwaga mbali na Bagamoyo. Hakucheka.

Aliponiuliza ninatoka wapi, nikamjibu Bukoba, maana mtu wa Kagoma akiwa mbali husema Bukoba ili kufupisha maneno. "Basi aliyeanzisha mji wenu aliangukia hapa," akasema. Nikadhani ananitania na yeye. Kumbe ni kweli. Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta kule Sudani ya kusini, aliwasili Bagamoyo pamoja na Stanley tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo huo Wajerumani wakamfanyia karamu. Macho yake yalikuwa mabovu. Akatoka dirishani akidhani anatoka kwenye roshani, akaanguka na kuvunjika fuvu. Alilala hospitali kwa majuma mengi. Alipopona akaingia katika utumishi wa serikali ya Kijerumani, akaondoka Bagamoyo na msafara Aprili 1890, na kabla mwaka huo haujaisha akajenga boma pale Bukoba, kando ya ziwa. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo.

"Ni dirisha lipi?" nikamuuliza kwa shauku.

"Ilikuwa upande huu wa mji. Dirisha siwezi kukuonyesha."

Tulipoagana nikampa shilingi elfu tatu.

Usiku ule sikupata usingizi. Mwanzo nilidhani ni joto la Dar es Salaam. Kisha nikazikumbuka zile hela. Mtu aliyenipa ukweli nimempa elfu tatu, na aliyenipa kilio nimempa elfu kumi. Wala haikuwa kwa sababu yule wa kwanza alikuwa na shida zaidi, maana viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Nilimpunguzia yule wa pili kwa sababu, nikijipekua vizuri, nilikuwa nimemkasirikia. Alikuwa ameninyang'anya machozi yangu ya jana. Nilikwenda Bagamoyo nikiwa nataka kulia, na yeye akanipa punda.

Na hapo ndipo mti wa Kagoma ulipoanza kunisumbua, kama ulivyokwisha kunisumbua mara nyingine nikaufukuza.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, nina umri wa miaka 26, Kiingereza changu kikisifiwa kuliko nilivyostahili. Wakaja wageni wanne kutoka Ulaya, wamekodi gari Bukoba, wakataka kuiona nchi ya Wahaya. Mkubwa mmoja akaniomba niwatembeze. Nikawaonyesha migomba na kahawa. Nikawapitisha katika kibanja chetu, wakatafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kuchemsha tunayomkaribishia mgeni. Nikawaonyesha rweya, ziwa kwa mbali, kanisa. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimemaliza, na wao wamechoka. Mmoja wao, bibi mwenye kofia ya majani, akauliza kwa upole kama hapa hakuna kitu cha historia.

Msomaji, swali hilo liliniaibisha kuliko tusi. Laiti ningalikuwa na maarifa ningewapakia garini nikawapeleka Katuruka, upande wa Maruku, ambako wataalamu walikuwa wameanza kuchimba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Babu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma kabla Bagamoyo haijawa na jina. Lakini mimi nilikuwa sijafundishwa hayo, na hata ningefundishwa, vipande vya udongo uliochomwa nisingeviita historia. Historia kwangu ilikuwa ni mahali Mzungu alipofanya jambo.

Basi nikaona mti. Ulikuwa muhumula mkubwa, umesimama kwenye mpaka wa kibanja cha mama mmoja mjane, ukingoni mwa njia. Nikasema, "Mti huu Wajerumani walinyongea watu."

Wale wageni walisimama. Bibi yule akavua kofia. Mwenzake akapiga picha, kisha akaona haya akairudisha kamera mfukoni. Nikaona nimepata heshima ambayo migomba yote ya Kagoma haikunipatia, nikaendelea. Nikasema ni wanaume saba. Nikasema waliachwa siku tatu bila kuzikwa. Mmoja akauliza Wajerumani waliwapataje. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, na macho yangu yakaangukia ile nyumba iliyokuwa karibu. Nikasema, inasemekana ukoo wa nyumba ile ndio uliowaonyesha maficho.

Nilisema kwa Kiingereza. Nilijiambia kwamba maneno hayo yatapanda ndege na kwenda zao. Sikumhesabu dereva, ambaye alikuwa mtu wa kijiji cha pili na ambaye, kumbe, alikuwa amewahi kutumika kwa Wahindi Kampala na Kiingereza akikisikia vizuri. Jioni wageni wakanipa bahasha. Zilitosha kununua baiskeli, na nikainunua.

Ile habari haikupanda ndege. Ilibaki. Baada ya miaka michache nikawasikia watoto darasani wakiuita mti ule mti wa kunyongea. Nikawasahihisha, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Hesabu ndogo tu ingetosha kunikomesha: muhumula ni mti wa kukua haraka, na Wajerumani waliondoka kwetu mwaka 1916. Mti ule yumkini ulikuwa bado haujaota. Nilikuja kusoma pia kwamba jina la kisayansi la muhumula ni Maesopsis eminii, na kwamba sehemu ya pili ya jina hilo imetokana na huyo huyo Emin Pasha aliyetoka dirishani. Kwa hiyo kama mti ule ulikuwa na uhusiano wowote na Wajerumani, ni huo tu wa jina.

Mwaka 1998 mjukuu wa yule mama aliposwa. Wazee wa upande wa mume wakachunguza ukoo, kama ilivyo desturi. Nilialikwa kikaoni kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa binti yule. Mzee mmoja akakohoa, akasema wao hawana neno na binti, binti ana adabu, ila wamesikia kwamba ukoo wa bibi yake ulikuwa wa watu wanaouza wenzao, na damu ni damu. Posa ikavunjika. Nilikuwa nimekaa pale, na kibuyu cha lubisi mbele yangu. Niliitazama sakafu. Sikusema neno.

Nimewahi kumsimulia rafiki yangu mmoja mambo haya, naye akanitetea kuliko nilivyotaka. Alisema: Wajerumani si walinyonga watu? Walinyonga. Basi wale wageni wako walilia kilio cha haki, ila wamelilia chini ya mti usio wenyewe. Kosa ni la anwani tu, barua ni ya kweli. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Siku kumi na moja baada ya Emin kuanguka Bagamoyo, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi ya kale pamoja na wenzake, na mti wake Wachaga wanauonyesha hadi leo. Vita vya Maji Maji sina haja ya kuvieleza. Maiti za kweli ni nyingi mno.

Lakini kadiri ninavyozidi kuitafakari hoja ile ndivyo inavyozidi kunichoma. Kama maiti za kweli ni nyingi, kwa nini nilibuni nyingine saba? Meli alikuwa na mama, na wajukuu wapo. Wale saba wangu hawakuwa na mtu, kwa hiyo hawakudai chochote, si jina, si kaburi. Ndiyo maana waliliwa machozi kwa urahisi na kusahaulika kabla gari halijafika Bukoba. Na kuna jambo la pili ambalo rafiki yangu hakuliona kwa sababu hakuwapo chini ya mti. Habari ya mateso haiwezi kusimama bila mtesaji, na mtesaji wa mbali hatoshi, msikilizaji hutaka na wa karibu. Mimi sikukusudia kumsingizia mjane. Nilisukumwa na hadithi yenyewe. Ilikuwa na pengo, nikalijaza kwa nyumba iliyokuwa karibu na macho yangu.

Sisemi kwamba kila hadithi ya mtembeza wageni ni dhambi. Kule Kaole, kwenye magofu yaliyo kusini ya mji wa Bagamoyo, yenye misikiti na makaburi ya karne nyingi, kuna kisima ambacho hukauki na ambacho wanasema ukinawa maji yake utapata baraka. Nilinawa uso, nikajisikia vizuri. Kuna mbuyu nao, ukiuzunguka unaongezewa miaka. Niliuzunguka, magoti yakauma. Kisima hakimshtaki mtu, wala mbuyu haumvunjii binti posa. Hizo ni hadithi za kuongeza ladha, mithili ya chumvi.

Upande wa pili wa jambo hili niliujua mwaka 1996, nao niliujua kwa uchungu. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu. Katika Kagera ni nyumba chache ambazo hazikuguswa. Mjomba wangu alikuwamo. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na nadhani yumo pale, ingawa hatukumtambua. Mwaka wa pili wake nilikuwa ndani ya basi kwenda Musoma kwa shughuli ya shule. Tulipokuwa tukipita Igoma abiria mmoja akaanza kuwasimulia wenzake jinsi watu wale walivyokufa. Alisimulia vizuri. Akasema wengi walikufa kwa kukanyagana, wanaume wenye nguvu wakiwapanda watoto mgongoni ili wafikie hewa. Basi zima likasikitika, wanawake wakaguna. Mtu yule hakuwa amepanda meli ile, wala hakuwa amezungumza na aliyepanda. Nilimuuliza, akasema ndivyo watu wanavyosema. Nami nikamwona mjomba wangu, aliyekuwa akinibebea miwa begani, amesimama juu ya mgongo wa mtoto. Tangu siku hiyo picha hiyo haijanitoka. Aliinipa mtu asiyenijua, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na watu walitaka kusikitika.

Nilimchukia mtu yule. Sikujiuliza, wakati ule, kama kuna mtu anayenichukia mimi.

Lakini nirudi kwenye zile hela, kwa kuwa hapo ndipo lilipo deni la mtembea bure, na sitaki kuwatupia watembeza wageni lawama yote. Kijana wa Bagamoyo hakuipachika pete kwenye minyororo kwa uovu. Alijifunza. Mgeni mmoja alimlipa kidogo kwa habari ya punda, mwingine akamlipa sana kwa habari ya watumwa, naye ana kodi ya nyumba. Mimi, kwa elfu kumi zangu, nilimfundisha tena. Kwa elfu tatu nilimfundisha yule mwenye kofia kwamba kusema "sijui" ni hasara. Akija mwaka kesho akaanza kuonyesha dirisha la Emin Pasha, nitakuwa nimelitoboa mimi ukutani kwa mkono wangu. Vivyo hivyo yule bibi aliyevua kofia Kagoma alikuwa mtu mwema, sina shaka, lakini wema wake ndio uliokuwa na njaa, nami nilikuwa mpishi. Anayekuja kutazama hujidanganya akidhani kutazama hakubadilishi kitu. Macho yake ni fedha. Na mahali palipokufa watu, macho yanayotaka kulia hulipa bei ya juu kuliko macho yanayotaka kujua.

Nilirudi Kagoma Alhamisi. Ijumaa nikaenda kwa yule mama mjane, nikiwa nimechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amekwisha kufa, jambo ambalo nilikuwa nikilijua, nilikuwapo mazishini. Mjukuu wake ndiye anayekaa pale sasa. Aliolewa baadaye mbali, akafiwa, akarudi na watoto. Mti wenyewe ulikatwa mbao, kumebaki kisiki.

Alinikaribisha ndani, akanileta akamwani kwenye kikapu kidogo. Nikamweleza yote, kutoka kwa yule bibi wa kofia hadi kibuyu cha lubisi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, bibi alijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Dereva alimwambia, kabla hajafa. Alimwambia ni mwalimu aliyesema."

Mama yule alikuwa akinisalimu kila Jumapili mlangoni pa kanisa. Alikuwa akiniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Nikataka kujua kwa nini hakunidai. Mjukuu akanyanyua mabega, akasema bibi alikuwa akisema mwalimu atakuja mwenyewe. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama wale wazee wa posa wako hai. Nikamwambia amebaki mmoja, na kumbukumbu zimemtoka. "Basi waambie watoto," akasema. "Wangu shuleni wanaambiwa."

Jumatatu nikamwomba mwalimu mkuu nafasi ya dakika ishirini katika darasa la sita. Nikawapeleka kwenye kisiki. Nikawaambia hapa hakunyongwa mtu, habari ile niliitunga mimi, na ukoo wa nyumba ile haukumwonyesha Mjerumani mtu yeyote. Wakanitazama kama watoto wanavyomtazama mzee anayeanza kuchanganyikiwa. Mtoto wa kike mmoja, mjukuuu wa yule mama kwa mjukuu wake, alikuwa akitazama chini.

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, Wajerumani walinyongea watu wapi?"

Nikawataja wale ninaowajua: Abushiri huko Pangani, Mangi Meli huko Moshi. Akauliza kama kwenda Moshi ni mbali. Nikamwambia ni mbali, basi huchukua siku nzima na zaidi. Wenzake walikuwa wameanza kuruka kisiki kwa zamu, na kengele ya shule ikalia.